Usinichekeshe Kabla Hujanijibu

Keza mwanangu,

Barua zote nilizowahi kusomewa zilianza kwa kusema kwamba sisi huku ni wazima, wasiwasi ni kwenu mlio mbali. Yangu haiwezi kuanza hivyo. Wewe hujafika mbali bado, uko hapo chini Nyabugogo unasukwa nywele za safari. Na mimi si mzima. Naogopa. Neno hilo nimeliandika sasa hivi na nimelitazama mpaka chai imepoa, kwa sababu mimi baba yako, mtu aliyesimama mbele ya mawaziri na makanali bila hata kukohoa, sijawahi kumwambia mtu kwamba naogopa.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji, ya kutompa mtu simu yako akushikie, mama yako amekwisha kukuambia. Mimi hayo siyajui na siyaongezi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati mdomo ninao, tena mdomo ambao Kigali nzima inaujua. Sababu ni huo mdomo. Nikikaa nawe kibarazani nitaanza vizuri, halafu kabla hujamaliza kikombe nitakuwa nimekuchekesha, na kesho utapanda basi umecheka na hukusikia kitu. Mkono wangu ni mwingine. Shule niliiacha darasa la nne kule Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na mkono huu unatembea kama mzee anayepanda mlima wa Kimisagara na gunia la viazi. Hauwezi kukimbia, basi hata uongo unauchosha. Na nimechagua Kiswahili chetu cha Buyenzi, kile cha jikoni, kwa sababu Kinyarwanda changu ni cha kazi. Nikikifungua tu, kinavaa shuka, kinashika fimbo na kuanza kusifu ng'ombe.

Kazi yangu unaijua, lakini niache niiseme, maana nikiisema mkono unatulia. Kijana akitaka kuoa, watu wake hawaendi kujisemea. Wanamtafuta mzee mwenye ulimi akae mbele awaombee binti. Kwetu anaitwa umukwe mukuru. Nyumbani kwa binti nao wanatafuta mzee wao, na kazi ya huyo ni kukataa. Anakataa kwa utani, anawasingizia wageni makosa ya mababu, na yule wa kwanza anajibu, mpaka watu wote wacheke na binti atolewe. Mimi nilikuwa wa kuomba, Gaspard alikuwa wa kukataa. Walikuwepo wazee wengine katika kazi hii na siwasemi vibaya. Hawakunifikia tu.

Ile ya mrija umeiigiza mara nyingi kuliko nilivyoisema mwenyewe. Lakini siku yenyewe hukuiona, ulikuwa na miaka saba na ulikuwa umelala mapajani mwa mama yako. Ilikuwa Kicukiro, chini ya hema, watu wamejaa mpaka barabarani. Gaspard alisimama akanitazama kama mtu anayetazama mwizi wa kuku.

“Nyinyi hatuwapi mtoto,” akasema. “Babu yako alikuja kwetu, akanywa pombe yetu, akaondoka na mrija wetu. Mpaka leo baba yangu anakunywa kwa kijiko!”

Watu wakacheka. Mimi nikangoja. Kazi ni kungoja, kupiga kelele hata debe tupu linaweza. Kisha nikainuka polepole, nimeshika kiuno.

“Ni kweli, Gaspard. Babu aliuchukua. Na siku ya kufa alinishika mkono akasema, mjukuu wangu, rudisha mrija wa watu. Leo nimeuleta.” Nikamwonyesha bwana harusi, kijana mrefu, mwembamba kama nilivyomtaka. “Huyu hapa. Lakini mrija bila mtungi ni kijiti tu. Tupeni mtungi!”

Mama mmoja alianguka na kiti chake. Gaspard alikaa chini akajifunika uso kwa kofia, na mabega yake yalikuwa yanaruka. Mtu alikuwa na kamera, na wiki ile ile video ikawa inauzwa Nyabugogo. Baada ya hapo wenye pikipiki hawakunilipisha tena. “Muzee, iko wewe wa mrija? Panda, panda!” Watoto wa Muhima waliniita Mrija. Kila Jumamosi nilikuwa na harusi, Jumamosi nyingine mbili. Sikudanganyi, nilipenda. Mtu akinipita njiani bila kugeuka, niligeuka mimi nione kama ni kipofu.

Kisha bibi yako akafa.

Siku ya kumzika, zamu ya mtoto wake wa kwanza kusema ilifika. Nilikuwa nimeandaa maneno machache, ya kawaida. Kwamba alinibeba mgongoni tukikimbilia Burundi. Kwamba alifua nguo za watu pale Buyenzi ili tule, na mikono yake ilikuwa inanuka sabuni hata akiwa amelala. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo nikasikia mtu anacheka huko nyuma. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Aliniona tu nimesimama na fimbo, na tumbo lake likajua kicheko kinakuja. Mwingine akacheka kwa pua. Nikaona nyuso zote zinaningoja, nyuso za watu wenye njaa, na mama yangu yuko pale ndani ya sanduku.

Nikawapa. Nikasema huyu mama aliogopa wezi maisha yake yote, basi leo amejenga chumba kisicho na dirisha.

Wakacheka huku wanafuta machozi. Baadaye walinishika mkono mmoja mmoja. “Muzee, wewe hata kifo unakiweza.” Na mimi nikasema asante.

Mama yangu sikumlilia siku ile. Na baadaye, nilipotaka kumlilia, machozi yalikuja wakati wake yenyewe, si wakati wangu. Yalikuja nikinyoa ndevu. Yalikuja nikivaa viatu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Usingizi ukakatika. Chakula kikawa kama mchanga. Jumamosi nilivaa shuka yangu, nikaenda, nikamshinda Gaspard, nikarudi na kulala nimegeukia ukuta mpaka Ijumaa. Watu walipouliza, mama yako alisema ni malaria. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Malaria ni ugonjwa wa heshima, hata waziri anaugua.

Ninachotaka ukijue ni hiki, kwa sababu najua unakijua na hujakisema. Nilianza kumchukia yule Mrija. Watu walikuwa wanampenda yeye. Walimletea yeye bia, walimsalimia yeye. Mimi nilikuwa punda wake tu, namfikisha harusini na kumrudisha. Na mtu akiniuliza habari, aliyejibu alikuwa Mrija, mimi sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo.

Bafuni kwetu kuna bomba, unalijua, lile linalopiga kelele. Nilikuwa naingia, nafunga mlango, nafungua bomba lote, nakaa juu ya ndoo. Nilidhani maji yananifunika. Wewe ulikuja ukagonga, na miaka yako tisa, ukasema, “Papa, maji yataisha.” Nikakujibu kwa sauti ya Gaspard, nikasema huyu anayeoga ni ng'ombe wa mahari, lazima atakate. Ukacheka ukaenda. Nikajiona hodari.

Mama yako alinipeleka kituo cha afya. Nilikataa wiki nyingi, unajua ninavyokataa, siku ile nilikubali kwa sababu alikaa mlangoni na mkoba wake na hakupika. Tulipofika, watu wa foleni wakanitambua. Ningefanya nini? Niliwapa kidogo. Foleni nzima ikacheka, hata mtoto aliyekuja kushonwa goti. Nikaingia kwa daktari, binti mdogo mwenye miwani.

“Muzee, unalala vizuri?”

“Mimi nalala. Ni huyu mke wangu anayekoroma, jirani amehamisha mbuzi.”

Akacheka. Akajaribu tena. “Na chakula?”

“Chakula chake ndicho kilichonileta hapa, daktari. Nimekuja kushtaki.”

Akavua miwani akafuta macho. “Si wewe wa mrija? Mama yangu akikuona!” Tukapiga picha. Alinipa dawa ya kichwa, akaniambia nipumzike, nikatoka. Njiani nilikuwa natembea kama jogoo. Jioni nikawaambia watu wa baa kwamba daktari amejaribu kunipima akili na mimi nikamshinda.

Nilimshinda, Keza. Umesikia? Hakuna ushindi niliowahi kuupata ulio mbaya kama ule. Yule binti hakukosea, alipewa mtu mzima anayecheka, angeandika nini? Mgonjwa alikuwa amebaki nyumbani amegeukia ukuta. Wiki tatu baadaye nilimwambia mama yako, mchana kweupe, akiwa anachagua maharage, kwamba natamani nilale nisiamke. Nilimwambia na nikaona maharage yanasimama mkononi mwake.

Hakulia. Alikwenda kuvaa. Tulipofika mlangoni pa daktari alinishika pindo la shuka akaniuliza, “Wewe umewaombea watu wanawake miaka yote hii. Umewahi kumwona bwana harusi anasema siku hiyo?”

“Hapana. Anakaa kimya, wanamsemea.”

“Basi leo bwana harusi ni wewe. Funga mdomo.”

Nikafunga. Sijui kwa nini nilifunga, labda nilikuwa nimechoka. Mama yako, ambaye harusini hata kusema asante anaona aibu, alikaa mbele ya yule binti akanisemea. Alisema halali. Alisema anavaa viatu kwa saa nzima. Alisema, anaingia bafuni anafungua bomba ili tusisikie anavyolia, na sisi tunasikia, mtoto naye anasikia, siku moja aliniuliza kama ng'ombe wa mahari huwa wanalia. Halafu akasema lile la maharage. Mimi nilikaa pale nimeinamisha kichwa kama kijana wa miaka ishirini, nikawa nasikia habari zangu. Nilikasirika. Mara mbili nilifungua mdomo niweke utani, na mara mbili alinikanyaga mguu. Viatu vyake unavijua.

Daktari hakucheka. Aliandika muda mrefu. Kinyarwanda wanasema agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita mpaka wake. Redio ya Kiswahili nimesikia wakiiita sonona. Mimi nilifurahi kuwa ina jina, kwa sababu nilidhani mimi ndiye wa kwanza kuipata, na unajua ninavyopenda kuwa wa kwanza. Nilipewa vidonge, nikavitema kwenye ua waridi la mama yako kwa siku nne, mpaka akaanza kunichungulia chini ya ulimi. Nilitakiwa kwenda kila juma kuongea na mtu. Kuongea bila kuchekesha kulinitoa jasho kuliko kulima. Harusi niliziacha karibu mwaka. Gaspard alikuwa anakuja kunisalimia: “Umeniacha peke yangu, muzee! Jumamosi nimeomba mwenyewe nikakataa mwenyewe, na nimejishinda mara mbili.” Kisha anakaa, ananyamaza nami, anakwenda.

Na watu wakanisahau. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa kuliko kufa, na kikaja. Kijana wa pikipiki alinishusha Muhima akanyoosha mkono nimlipe. Nikamtazama. “Hunijui?” “Nikujue wapi, muzee? Lipa, naacha wateja.” Nilimlipa kwa hasira. Nilipofika nyumbani nilikula sahani mbili. Sijui kwa nini, lakini nilikula.

Sasa tufike kwako.

Miaka miwili iliyopita ulivaa kofia yangu, ukashika fimbo yangu, ukajichora ndevu kwa makaa, ukasimama hapa uani ukamwomba mbuzi wa jirani binti yake. Mbuzi akakataa. Nilikuwa ndani, nilidhani ni mimi nimetoka nikajisahau nje. Ulinichukua wote, sauti, kungoja, kiuno. Ukaiweka kwenye simu, na nchi ikalala chini kwa kicheko. Mimi nilizunguka Kimisagara nzima nikisema, sauti ile ni yangu, mtoto ni wangu, mbuzi tu ndiye wa jirani. Watu walianza kukuita Muzehe, yaani mzee, wewe binti wa miaka ishirini na mbili. Wenye pikipiki wakarudi kunibeba bure, kwa ajili yako. Na mimi, niliyekaa juu ya ndoo ile, sikuona kitu. Nilipanda pikipiki.

Unaikumbuka jioni ya onyesho lako Kicukiro. Ukumbi umejaa, wewe nyuma ya pazia umekaa chini, kofia mkononi. Ulinitazama ukasema, “Papa, siwezi. Mwili hauko.”

Nilisema nini? Nilisema, “Watu wakishakaa hawarudishwi.” Nikakuvalisha kofia mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Ukatoka, ukawaua kwa kicheko. Ukarudi nyumbani ukalala siku tano, umegeukia ukuta ule ule. Na watu walipouliza, nikawajibu mimi.

Nikasema ni malaria.

Mama yako alinitazama kutoka jikoni. Nilitaka ardhi inimeze. Na bado sikuingia chumbani kwako, kwa sababu ningeingia na kusema nini? Mimi ndiye niliyekuvalisha kofia.

Tangu hapo nakusikiliza. Hujui, lakini kila alfajiri nasimama mlangoni kwako kusikia kama unapumua, kama nilivyofanya ulipokuwa mchanga. Wali wako naukuta umefunikwa. Simu yako naiona jinsi unavyoisoma, unapita elfu wanaokusifu unasimama kwa mmoja aliyeandika kwamba siku hizi huchekeshi, na huyo unamsoma mara tatu. Na jioni unafunga mlango unacheza video zako mwenyewe, kwa sauti kubwa, vicheko vya watu vinajaa nyumba. Mama yako aliniambia, anajifunza kazi. Mimi nilijua siku ya kwanza. Mwanangu, hilo ni bomba. Umefungua bomba lako.

Juzi ulisema, “Papa, nimepona kabisa, usiwe na shaka.” Kisha ukanisalimu kwa sauti yangu na nikacheka. Nilicheka, halafu nikaenda chooni, kwa sababu nilikuwa nimemwona daktari mwenye miwani anafuta macho, na safari hii daktari ni mimi.

Kwa hiyo nilikuibia. Ile pasipoti uliyoitafuta Jumatatu na Jumanne, ukamlaumu mama yako, ukapindua magodoro, niliiweka mimi ndani ya kasha la shuka zangu za harusi. Nilisema moyoni, asipoiona, basi litamwacha, lile kundi la vichekesho la Nairobi lililomwita litachukua mtu mwingine, na mtoto atabaki hapa mahali ninapoweza kumsikia. Mama yako aliikuta. Hakupiga kelele. Alisema, “Ukimfunga hapa atafungua bomba hapa.” Nikairudisha chini ya meza ya televisheni ukadhani ilianguka. Haikuanguka. Nimeandika hili ili ujue baba yako amefika wapi kwa hofu, mtu aliyezoea kuwaombea wengine watoto wa watu, ameshindwa kumtoa wake.

Sasa nisikilize kuhusu Solange, binti wa Gaspard, maana utalala kwake huko Nairobi.

Nilimpigia Gaspard simu jana. Alianza kama kawaida: “Unaposa nini wewe, ng'ombe zako zimekonda!” Nikamwambia, siposi, Gaspard. Nikamweleza. Lile la pazia, lile la siku tano, lile la malaria. Tumejuana miaka thelathini na nadhani ile ilikuwa mara ya kwanza tunaongea dakika nzima bila mmoja kumshinda mwingine. Nikamwambia, nataka Solange awe msemaji wa Keza. Siku mtoto akishindwa, aingie naye kwa daktari, aseme yeye, mtoto anyamaze.

Kisha akasema, “Bure? Hata ng'ombe mmoja hakuna?”

“Hakuna.”

“Basi sawa,” akasema. Na sauti yake haikuwa nzuri. “Nitamwambia leo.”

Usinikasirikie. Ukikasirika pia sawa, nimezoea. Usipomtaka Solange chagua mwingine, lakini mchague sasa, ukiwa na akili yako, kwa sababu ukishaugua utamchagua mtu anayecheka haraka. Na mweleze yote. Kazi yetu ina siri moja ambayo watu wa hema hawaijui. Kabla ya kusimama, watu wa bwana harusi wananifungia chumbani na kunieleza aibu zote za nyumba: nani alifungwa, nani mlevi, nani alizaa nje. Lazima niambiwe. Msemaji aliyefichwa kitu anaanguka mbele ya watu. Mwambie Solange kuhusu ukuta. Mwambie kuhusu video na mlango. Mwambie baba yako aliugua hivyo hivyo na kwamba haikuwa malaria, una ruhusa yangu, na mwambie nilipona, na kwamba nilipokuwa mgonjwa bado nilikuwa namshinda baba yake. Hilo asiliache.

Huko kutakuwa na mtu nyuma ya pazia. Sijui jina lake, lakini namjua, kwa sababu ni mimi. Atakuambia watu wameshakaa. Mwache awarudishe mwenyewe. Wanarudi, Keza. Wanakasirika, wanadai pesa zao, wanakwenda nyumbani kula. Mimi nilidhani dunia itasimama nikiacha, ikaendelea kuoana.

Nitakupigia kila Jumapili baada ya misa. Nitakuuliza, u hali gani? Naomba kitu kimoja tu na sijawahi kukuomba kitu. Usinichekeshe kabla hujanijibu. Jibu kwanza, hata vibaya, hata neno moja, hata ukisema papa leo sitaki kuongea. Halafu nichekeshe unavyotaka, nitalala chini. Lakini nikisikia umeanza na sauti yangu, nitakata simu, nitamwita Solange, na nitapanda basi, mimi na goti langu, siku nzima na usiku, nije nikae mbele ya mlango wako na mkoba, nisipike. Unajua sitanii. Unajua ninavyokataa kuondoka.

Kofia yangu nimeitoa kwenye begi lako. Uliiweka chini kabisa, chini ya viatu. Wakitaka Muzehe wanunue kofia huko. Sweta ya mama yako nimeiacha.

Pikipiki imesimama getini. Ni wewe, nakusikia unabishana na kijana, hataki kukulipisha na wewe unalazimisha. Vizuri. Sasa geti limelia. Unaita kutoka uani kwa ile sauti: “Wenye nyumba! Tumekuja kuulizia mtungi wetu!” Mama yako anacheka jikoni. Siku zote nakujibu, tangu ukiwa na miaka kumi nakujibu kama Gaspard, na unangoja.

Nimenyamaza. Kalamu iko mkononi, naandika na kusikiliza.

Umeita tena, kwa sauti ile ile. “Wenye nyumba, mmelala?” Sijibu. Mama yako ameacha kucheka. Hatua zako zimefika barazani, zimesimama.

Umesema, “Papa?” Hivyo tu. Kwa sauti yako.

Nakuja.